Kadi ya Chanjo ya Fundi Baridi

"Iweke mezani, tuione wote!" shangazi alisema, huku akisogeza birika la chai pembeni.

Fundi Baridi akaitoa kadi kwenye mfuko wa shati taratibu, kama mtu anayetoa yai, akaiweka katikati ya vikombe.

"Haya. Msiniite tena kichwa maji. Nimechanjwa."

Kigelegele alichopiga shangazi kilimtoa paka chini ya kabati. Mzee, aliyekuwa amejitenga kwenye kiti chake cha pembeni, akashika fimbo, akainuka. Mzee huyu alipasua mawe machimboni miaka thelathini, na vumbi la mawe yale halikumtoka kifuani. Akipanda ngazi tatu utadhani kapanda mlima. Daktari alishasema wazi: korona ikimpata huyu, tusidanganyane. Ndiyo maana binti yake, muuguzi ambaye mtaa mzima ulimwita Sista, aliweka sheria moja ya nyumba: asiyechanjwa, salamu zake dirishani. Hata awe mchumba. Na mchumba mwenyewe, baada ya harusi iliyobakiza siku kumi na moja, alikuwa ahamie humu humu, kwa sababu mzee hakuwa na mwingine wa kumtazama.

"Njoo hapa, mwanangu," mzee akasema, akapumua, akaendelea. "Miezi saba nakuona kwenye kioo tu, kama msoma habari. Njoo."

Wakacheka. Baridi akaenda. Wakakumbatiana, kidevu cha mzee kimelala begani kwa kijana, macho kayafumba. Shangazi akapiga picha mbili kwa simu yake, moja ya watu, moja ya kadi.

Sista naye alikuwa anacheka. Akaichukua kadi ili aitunze na vyeti vingine vya harusi. Jicho likateremka lenyewe, kwa mazoea ya kazi, mpaka kwenye namba ya toleo la chanjo.

Kicheko kikamfia mdomoni.

Namba ile aliijua. Toleo lile lilikuja kwenye zahanati yake peke yake, masanduku mawili. Wiki iliyopita friji la chanjo lilipandwa na wazimu, likazidisha baridi hadi vichupa vikaganda, na chanjo ile ikishaganda ndiyo imekufa. Hata kichupa kimoja kilikuwa hakijafunguliwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyafunga masanduku kwa utepe mwekundu, yakasubiri kuteketezwa. Na fundi aliyeitwa kulitazama friji, aliyeyatoa masanduku kwa mikono yake na kusema, "Sista, hizi zimekuwa mawe," ndiye huyu aliyekuwa kifuani kwa baba yake.

"Ulichanjiwa wapi?" akauliza. Sauti aliishika kama mtu anayeshika sufuria la moto.

"Hema la sokoni. Ijumaa."

"Ijumaa."

"Ndiyo, mpenzi. Foleni hiyo! Watu kama siafu."

"Mwachie baba akae," Sista akasema. "Atachoka."

Aseme vipi, wakati mzee anajifuta machozi kwa mkono wa shati na shangazi anaulizia mchezaji ngoma wa harusi? Lakini Baridi alipokwisha kuaga, hajafika hata kona ya mtaa, simu yake ikalia.

*Ulichanjwa mkono gani?*

*Wa kushoto. Bado unaniuma mpenzi, ila kwa ajili yako hata mguu ningetoa.*

*Kuna kitu unataka kuniambia?*

*Kwamba nakupenda.*

*Kingine?*

Alama zikaonyesha anaandika. Zikakoma. Zikaonyesha tena.

*Hakuna kingine. Kesho asubuhi naja kufunga thamostati mpya. Tutaonana kazini, bibi harusi wangu.*

Sista akaitazama simu ile mpaka kioo kikazimika chenyewe. Mlango wa kusema kweli alimfungulia wazi kabisa, na mwenzake akapita dirishani.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, Baridi alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji la zahanati, bisibisi mdomoni. Sista alifunga nusu mlango wa chumba cha dawa.

"Tuongee."

"Mmm?" Akatoa bisibisi. "Ongea, mama. Naona umenuna tangu uingie."

"Ile kadi—"

Hakumaliza. Huko nje, kwenye benchi la wagonjwa, kulizuka sauti iliyomtangulia mwenyewe kwa hatua kumi.

"Yuko wapi? Yuko wapi aliyemdunga mdogo wangu?"

Alikuwa Dada Mkubwa, msusi, aliyemlea Baridi tangu mama yao afariki. Alikuja mbio kutoka saluni, kitana bado kimechomekwa kichwani na mafuta yanang'aa vidoleni. Wagonjwa wakakunja magoti apite.

"Shikamoo, dada," Sista akasema akiwa mlangoni.

"Shikamoo yako kaa nayo! Nimeiona kadi! Shangazi yako kaiweka kwenye simu mtaa mzima uione, 'Mkwe wetu kachanjwa,' na maua juu yake! Umemfanya nini mtoto wangu?"

"Dada, vaa barakoa basi, humu kuna wagonjwa."

"Usinibadilishie mada!" Lakini akaivuta barakoa kutoka kidevuni. "Mimi nilikukubali. Nilisema huyu binti ana adabu, akae na mdogo wangu. Kumbe unamvizia na sindano! Hao mnaowachanja si nao wanaugua? Mteja wangu kachanjwa mara mbili na kalala wiki nzima!"

"Ni kweli, wanaugua. Mwavuli nao haukuzuii kulowa miguu, dada, lakini ukiwa kwenye mvua unaushika."

"Mwavuli hauingii kwenye damu!"

Mgonjwa mmoja akasema, "Hapo kasema." Mwingine akamjibu, "Nyamaza wewe, umekuja kutibiwa au kupiga kura?"

Dada Mkubwa hakuwasikia. Sauti ilishaanza kumkatika.

"Aliniapia. Kwa kaburi la mama aliniapia kwamba hatakubali. Mama yetu aliingia zahanati kwa miguu yake, homa tu, homa! Wakamdunga. Akatoka kabebwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, huyu tisa. Halafu leo wewe..."

Sista akamtazama mwanamke yule, pumzi inampanda na kushuka, na hasira yake aliyokuja nayo kutoka nyumbani ikapungua upande mmoja ikaongezeka upande wa pili. Habari ile ya mama hakuwahi kuisikia. Mwaka mzima wa uchumba, hakuwahi kuisikia.

"Dada, tulia," akasema. "Hajakivunja kiapo chako."

"Nini?"

"Hajachanjwa."

"Na kadi?"

"Muulize mwenyewe. Yuko nyuma ya friji."

Zahanati nzima ikasikia bisibisi ikianguka sakafuni. Baridi akachomoza polepole, vumbi magotini, utando wa buibui sikioni.

"Dada..." akaanza.

"Umechanjwa au hujachanjwa?" Dada Mkubwa akauliza.

"Sijachanjwa."

"Alhamdu—" Akajikata mwenyewe, maana alimwona Sista usoni.

"Ile kadi uliipata wapi?" Sista akauliza.

"Kwenye droo yako. Siku ile ulipokwenda kuleta daftari. Zilikuwa nyingi, tupu, zimeshagongwa muhuri. Nikachukua moja."

"Na namba?"

"Nilinakili kwenye boksi lililokuwa karibu."

"Karibu wapi?"

"Sakafuni."

"Yale yaliyoganda. Wewe mwenyewe uliniambia yamekuwa mawe! Unajua kompresa ikikohoa tu, friji zima unalijua kwa sauti, halafu hukujua kwamba namba hizi tunaziandika moja moja?"

"Nilidhani ni namba tu. Kama za kwenye maboksi ya vipuri."

"Kwa nini, lakini?" Dada Mkubwa akamvuta mkono. "Kwa nini hukumwambia hutaki, ukabaki mwanaume?"

"Nikimwambia hapana, namkosa yeye. Nikimwambia ndiyo, nakukosa wewe. Nikaona..." Akanyoosha mikono yenye grisi. "Nikaona kila mtu apate chake."

"Kila mtu kapata uongo!" Dada Mkubwa akasema. "Mimi wa kwangu, yeye wa kwake!"

"Na baba yangu?" Sista akauliza. Hakupaza sauti. "Yeye ulimgawia nini? Jana alikukumbatia. Pumzi yake ilikuwa shingoni kwako. Ungeweza hata kumwambia, 'Mzee, nina mafua kidogo, tushikane mikono siku nyingine.' Ulisimama ukapokea."

Baridi akaokota bisibisi sakafuni, akaifuta kwenye suruali.

"Nasikitika kwa ajili ya mama yenu," Sista akasema. "Ningelijua hilo, nisingekusukuma. Tungekaa tukatafuta njia, hata kama ni kuishi nyumba mbili mpaka balaa hili lipite. Mtu anayeniambia hapana usoni naweza kuishi naye. Wewe uliniangalia ukaniambia mkono unauma."

"Sista, nisikilize—"

"Ile kadi nimeiandikia taarifa kwa mganga mkuu asubuhi hii. Akikuita, utajieleza. Malizia friji, dawa za watu zisiharibike. Harusi haipo."

Mambo ya mtaa mnayajua. Hadi saa sita mchana habari zilishafika hata kwa wasiomjua bibi harusi wala bwana harusi. Shangazi aliifuta picha yake, lakini maji yakishamwagika hayazoleki, walishaitumiana. Mganga mkuu alimwita Baridi, akamsomea, akamwondoa kwenye orodha ya mafundi wa zahanati. Na mzee, alipoambiwa na binti yake, aliilaza fimbo magotini.

"Alinukia sabuni," akasema mwishowe. "Alioga kabla ya kuja. Yaani alijiandaa."

Jumatano mchana Sista alikuwa anakunja shuka za zahanati, simu ikaita. Alilitazama jina, akaiacha. Ikaita tena. Mara ya tatu akapokea.

"Sema haraka."

"Usikate." Sauti ya Baridi ilikuwa kavu. "Sijakupigia kuomba msamaha. Mwenzangu wa karakana, yule tunayechomelea naye mabomba... kapimwa leo. Anayo. Wiki nzima ile nilikuwa naye, hadi Jumamosi."

Sista akaitupa shuka mezani.

"Jumamosi. Halafu Jumapili ukaja kwetu."

"Ndiyo."

"Umepima?"

"Nimetoka sasa hivi. Majibu Ijumaa. Nimejifungia chumbani, dada ananiwekea chakula mlangoni. Ningeweza kunyamaza, Sista. Nimekupigia ili umtazame mzee."

"Ningekuua," Sista akasema, "kama ungenyamaza." Akakata.

Siku mbili zile ndizo zilimzeesha. Aliomba ruhusa kazini, akafungua madirisha yote, akakaa mlangoni mwa chumba cha baba yake na kile kidude cha kubana kidole kinachosoma hewa kwenye damu. Asubuhi tisini na mbili. Mchana tisini na tatu. Alhamisi saa kumi mzee akakohoa, kikohozi kirefu cha kukunja mgongo, na Sista akainuka mbio.

"Baba! Kifua kinabana? Koo je? Unasikia harufu?"

"Nasikia harufu ya... binti anayeunguza uji," mzee akasema akitweta.

Alikimbilia jikoni. Uji ulikuwa kweli unaungua. Alizima jiko, akakaa chini kwenye saruji, akalia huku anacheka, hajui kipi ni kipi.

Ijumaa asubuhi ujumbe ukaingia, na picha ya karatasi ya maabara yenye muhuri wa bluu.

*Sina. Nimekutumia karatasi kwa sababu najua neno langu halitoshi. Mzee vipi?*

Akapiga kwanza simu maabara kuhakikisha namba ya karatasi. Ilikuwa ya kweli. Ndipo akajibu, neno moja tu: *Mzima.*

Jumapili iliyofuata zilikuwa zimebaki siku nne kufika harusi ambayo haipo. Sista alikuwa anapiga pasi chumba cha nyuma, akasikia kioo cha sebuleni kinagongwa kidogo kidogo. Akachungulia kwenye upenyo wa mlango. Baridi alisimama nje, hatua nne kutoka dirishani, barakoa usoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba radhi. Binti yako sitamsumbua. Wewe tu."

Mzee akasogeza kiti karibu na dirisha. Alihitaji muda kwa kila sentensi, na kijana alimpa muda.

"Unajua kazi niliyofanya?"

"Kupasua mawe."

"Mimi nilikuwa mtu wa baruti. Nachoma utambi... nakimbia. Miaka thelathini. Unadhani nilikuwa siogopi?"

"Sijui, mzee."

"Kila siku niliogopa. Tulikuwa tunaambiana, 'Leo mkono unatetemeka, choma wewe.' Mwenzako anachukua kiberiti, yanaisha. Kulikuwa na mmoja hakuwahi kusema anaogopa. Huyo... ndiye tuliyekuwa tunamkimbia. Maana siku mkono wake unatetemeka, alikuwa anauficha mfukoni, na tunaokufa ni sisi."

Baridi akainamisha kichwa.

"Naogopa, mzee. Nikiiona sindano namwona mama. Nikisikia ile harufu ya spiriti, nataka kukimbia. Ndiyo maana kila kazi ya zahanati nilikuwa naimaliza upesi. Binti yako alidhani mimi ni hodari."

"Hayo ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Basi si mimi wa kuambiwa," mzee akasema. "Mimi nimekusamehe. Kunikumbatia... hiyo sijui. Nenda."

Chumba cha nyuma kikaanza kunuka nguo inayoungua. Sista akainua pasi haraka. Sketi ya sare ilikuwa imepata alama ya kahawia, umbo la pasi lenyewe. Hakujali. Alibaki amesimama na pasi hewani mpaka hatua za nje zilipopotea.

Wiki tatu zikapita. Hakupiga, hakupigiwa. Kisha Jumanne moja, asubuhi ya chanjo, foleni imefika hadi getini, Sista aliinua kichwa kusema "Anayefuata", akamkuta aliyefuata tayari kaketi. Kitini alikuwa Baridi, kijasho kimemtoka kipajini. Nyuma yake, mkono wake kaukamata kama mtu aliyekamata mwizi, Dada Mkubwa.

"Mimi sichanjwi," Dada Mkubwa akatangulia kusema. "Muandike hivyo hivyo. Nimemsindikiza. Mtoto huyu mara ya mwisho alipoingia mahali kama hapa na mama yake, alitoka peke yake. Leo hatoki peke yake."

"Meza ya pili haina foleni," Sista alimwambia Baridi, macho kwenye daftari. "Mwenzangu atakuhudumia."

"Nataka hapa."

"Kwa nini hapa?"

"Kwa sababu nataka kukwambia wewe. Naogopa. Nimeogopa tangu nina miaka tisa. Nilikuwa nabishana na wewe mambo ya kwenye simu, sijui ukichanjwa unakuwa sumaku, sijui nini, na hata siyaamini. Ilikuwa woga tu."

Masikio ya foleni nzima yalikuwa yamesimama. Sista akashika kalamu.

"Kuna maswali. Nawauliza watu wote. Una homa?"

"Sina."

"Kuna dawa inayokudhuru?"

"Hakuna ninayoijua."

"Umekuja kwa hiari yako, au kuna mtu amekulazimisha, amekuahidi kitu?"

Baridi akamtazama moja kwa moja. "Hakuna aliyeniahidi kitu. Sikuja kudai harusi. Nikitoka hapa nakwenda kazini."

"Geuza uso ukutani, basi."

"Hapana. Nitaangalia."

Aliangalia. Meno aliyauma mpaka taya likatokeza, na vidole vya dada yake vikapotea ndani ya kiganja chake. Dada Mkubwa yeye ndiye aliyefumba macho.

"Tayari," Sista akasema.

"Tayari nini?"

"Imekwisha. Kaeni benchi lile, dakika kumi na tano. Kizunguzungu, kuwashwa, chochote, mnaniita."

Wakakaa. Sista akaendelea na watu wake, ila kila baada ya mmoja jicho lilikuwa linakwenda benchini lenyewe. Dada Mkubwa alimkagua mdogo wake kama anayekagua nywele za mteja: ulimi, kope, kucha. Dakika ya sita akamwuliza jina la babu yao. Dakika ya tisa akamwambia asimame mguu mmoja.

"Dada, watu wananicheka."

"Wacheke. Simama."

Dakika ya kumi na tano, Dada Mkubwa akaja hadi mezani, akaruka foleni, na hakuna aliyethubutu kumwambia neno.

"Yuko hai," akasema, kwa sauti ya kulalamika. "Lakini mimi bado sijakubali. Mtanitoa roho, sijakubali."

"Hujaombwa ukubali, wifi," Sista akasema, akiandika. "Mpeleke akale. Jioni muje nyumbani, baba atataka kumwuliza ilivyokuwa."

Kalamu haikusimama. Dada Mkubwa ndiye aliyesimama, mdomo wazi nyuma ya barakoa. Akarudi benchini kwa hatua za mtu anayebeba maji ya kujaa, akamwinamia mdogo wake.

"Umesikia alivyoniita?"

"Nimesikia." Baridi alikuwa ameshaanza kuinuka aende mezani.

"Kaa chini! Usiende ukaharibu."

"Anayefuata," Sista akaita, na mwanamke aliyekuwa mbele ya foleni akaapa baadaye, kwa yeyote aliyetaka kumsikiliza, kwamba muuguzi yule alimdunga huku machozi yanamtiririka, na kwamba yeye mwenyewe hakusikia maumivu hata kidogo.